Viazi Ulaya Havikutoka Ulaya

Mpenzi msomaji, jioni mama akiepua sufuria ya viazi ulaya, waulize watoto swali hili: Viazi hivi kwao ni wapi? Mtoto mwerevu atajibu upesi, "Ulaya, kwani jina lenyewe lasema." Umpe pongezi kwa kulisikiliza jina, kisha umwambie kwamba jina limempoteza njia. Ulaya ilikuwa kituo tu cha safari. Wahispania walivipeleka huko katika karne ya 16, na baada ya miaka mingi wageni toka Ulaya wakatuletea sisi. Kwao hasa ni milima ya Amerika ya Kusini, na hasa kandokando ya ziwa Titicaca, katika nchi iitwayo Peru. Huko watu walianza kuvilima yapata miaka 8,000 iliyopita, zamani sana kabla ya Ulaya kuvijua.

Basi juma hili natuifuate njia ya kiazi mpaka kwao. Nchi hiyo ina mambo mengi ya kututazamisha, lakini liko moja ambalo nataka tulishike mpaka mwisho. Nalo ni hili: wingi wa aina, yaani aina za mbegu, za wanyama, za lugha na za watu, si pambo la nchi. Ni akiba yake. Na akiba hiyo ina walinzi, ambao mara nyingi ndio wale wadharauliwao.

Nchi ya ngazi tatu

Peru iko upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, nayo yatazama Bahari ya Pasifiki. Ni kubwa kuliko Tanzania kwa theluthi moja hivi: ina kilomita za mraba 1,285,216, na watu wapata milioni 34. Mji mkuu ni Lima, ulioanzishwa na Mhispania Francisco Pizarro mwaka 1535.

Ukitaka kuielewa Peru, fikiri nyumba yenye ukumbi, dari na ua wa nyuma. Ukumbi ni pwani: ukanda mwembamba wa jangwa kando ya bahari. Dari ni milima ya Andes, ambayo kilele chake kirefu katika Peru, Huascarán, kina mita 6,768. Kilimanjaro yetu, yenye mita 5,895, ikisimama karibu nacho itaonekana kama ndugu mdogo. Ua wa nyuma ni msitu mkubwa wa mto Amazon, nao wachukua zaidi ya nusu ya nchi yote.

Ajabu ni kwamba ngazi hizo ziko karibu karibu. Mtu akitoka Lima, penye bahari, akapanda gari kuelekea mashariki, baada ya kilomita kama 130 tu atakuwa amefika njia panda ya mlimani iitwayo Ticlio, mita 4,818 juu ya bahari. Mwendo huo haufiki ule wa toka Dar es Salaam mpaka Morogoro. Asubuhi alikuwa ufukoni, adhuhuri ameona theluji, na kichwa chamwuma kwa hewa haba. Tena akishuka upande wa pili atafika penye joto, ndizi na kasuku. Kila apandapo au ashukapo kidogo, hewa yageuka, udongo wageuka, miti yageuka, na mkulima naye hana budi kugeuza jembe lake.

Bahari baridi na Mtoto Yesu

Tuanze na ukumbi. Pwani ya Peru ni jangwa, ingawa bahari iko mlangoni. Mji wa Lima una watu wapata milioni 10, lakini mvua ya mwaka mzima haifiki sentimita 5. Sababu ni mkondo wa maji baridi upitao kandokando ya nchi toka kusini. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa, nayo hewa baridi haipandi juu ili kufanya mawingu ya mvua. Huleta ukungu na manyunyu tu. Watu huishi kwa maji ya mito ishukayo milimani.

Lakini maji hayo yanayoinyima nchi mvua huijaza bahari chakula. Toka vilindini huja juu maji yenye rutuba, na samaki wadogo wa jamii ya dagaa huzaana humo makundi kwa makundi. Ndege wa baharini huwala, na kinyesi chao, kwa kuwa hakuna mvua ya kukiosha, kilijilundika visiwani kama vilima. Katika karne ya 19 kilichimbwa na kuuzwa Ulaya kama mbolea, na serikali ya Peru ikatajirika.

Sasa tazama jambo linalotugusa sisi. Kila baada ya miaka michache maji ya bahari ile hupata joto, na samaki hutoweka. Wavuvi wa kaskazini mwa Peru waliona kwamba maji ya joto huja karibu na Noeli, basi wakayapa jina la El Niño, yaani Mtoto, maana yake Mtoto Yesu. Jina tulilolisikia katika redio mwaka 1997 na 1998, mvua zilipobomoa madaraja na kuharibu mashamba katika Kenya na Tanzania, lilitungwa na wavuvi maskini wa Peru. Wataalamu wamegundua kwamba bahari ile ikipata joto, mara nyingi mvua zetu za vuli huzidi. Dunia ni kijiji kimoja zaidi ya tudhanivyo.

Wavuvi hao hao waliona jingine. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 10 za samaki hao wadogo, wengi wao kwa ajili ya kusagwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe wa nchi za mbali. Utajiri wote wa uvuvi ulikuwa umetundikwa juu ya samaki wa aina moja. El Niño ikaja mwaka 1972, ikawakuta samaki wamekwisha kupunguzwa mno na nyavu. Kufika mwaka 1973 tani zilizovuliwa hazikufika milioni 3, na watu wengi wakakosa kazi. Mwenye kutegemea nguzo moja, nguzo hiyo ikianguka alala nje.

Kiazi kimlizacho mkaza mwana

Sasa tupande darini. Huko juu, mita 3,000 na 4,000, jua huchoma mchana, na usiku huja sakitu. Mvua yaweza kuchelewa. Mvua ya mawe yaweza kupiga shamba hili na kuliacha lile. Mkulima wa huko hawezi kuipigania hali ya hewa. Afanyaje, basi? Huchanganya.

Shamba lake halikai mahali pamoja. Ana kipande bondeni, kipande ubavuni mwa mlima, na kipande juu karibu na malisho. Bondeni hupanda mahindi, juu kidogo viazi, na juu zaidi viazi vichungu vinavyovumilia sakitu. Huko juu kabisa, ambako jembe halifai kitu, huchunga lama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia wasio na nundu. Lama humbebea mizigo, na alpaka humpa sufu. Sakitu ikiua viazi vya juu, vya chini vitapona; ugonjwa ukishambulia bondeni, vya juu vitasalimika.

Na katika kipande kimoja cha viazi hapandi aina moja. Hupanda kumi, ishirini, pengine zaidi, pamoja. Ukichimba shimo moja wapata chekundu, la pili cheusi, la tatu cha manjano, la nne kilichopinda kama ndizi. Katika milima ya Andes kuna aina za viazi zaidi ya 4,000, na kila moja ina jina lake na kazi yake: hiki cha supu, hiki cha kuchemsha, hiki cha kuwekea wageni, hiki cha kukausha. Kimoja chenye mabonde na vinundu vingi hupewa jina lenye maana ya "kimlizacho mkaza mwana". Mama mkwe, kwa desturi, humpa bibi arusi kiazi hicho akimenye, aone kama mkono wake ni mwepesi. Nadhani akina mama wasomao gazeti hili wanaelewa bila mimi kueleza zaidi.

Wenyeji hao waligundua pia njia ya kuweka akiba bila ghala ya chuma wala dawa ya wadudu. Huvitandaza viazi nje usiku wa sakitu vigande, mchana huviacha juani viyeyuke, kisha huvikanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke. Wakifanya hivyo siku kadhaa, viazi huwa vyepesi na vikavu kama kokoto, navyo huitwa chuño. Viazi hivyo hukaa miaka bila kuoza. Dola ya Wainka, iliyotawala milima ile mpaka Wahispania walipokuja mwaka 1532, ilijaza ghala zake kwa chakula cha namna hii, ili mwaka wa njaa watu wasife.

Kwa lugha ya Kikechua, ambayo ndiyo lugha ya Wainka, kiazi huitwa papa. Wahispania walilichukua neno hilo lilivyo. Kwa bahati, Baba Mtakatifu naye huitwa Papa kwa Kihispania kama kwa Kiswahili. Leo watu wa Peru wana neno lao la kucheka, kwa kuwa Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alikuwa Askofu wa Chiclayo, kaskazini mwa Peru, tangu 2015 hata 2023, naye ni raia wa nchi hiyo. Basi yule wa Roma na yule wa shambani, wote wawili ni wao.

Mti uliotuponya

Sasa tushuke uani, upande wa msitu. Iko hifadhi iitwayo Manu, iliyowekwa mwaka 1973. Yaanza juu milimani penye mita zaidi ya 4,000, na kushuka mpaka tambarare ya msitu wa joto. Kwa sababu ya ngazi hiyo ndefu, katika hifadhi hiyo moja wamehesabiwa ndege aina zaidi ya 1,000. Huko msituni barabara ni chache, na mito ndiyo barabara. Mji wa Iquitos una mamia ya maelfu ya watu, lakini hakuna barabara iuunganishayo na miji mingine mikubwa ya Peru. Waenda kwa meli au kwa ndege.

Katika nembo ya taifa la Peru, iliyopitishwa mwaka 1825, kuna picha tatu: mnyama aitwaye vikunya, ambaye ni ndugu wa lama aishiye porini, pembe iliyojaa sarafu za dhahabu, na mti mmoja. Mti huo ndio mti wa kwinini. Hukua kwenye miteremko ishukayo toka Andes kwenda msituni. Katika karne ya 17 Mapadre Wayesuiti walipeleka gome lake Roma, ambako homa ya malaria iliua watu wengi, hata watu wakaliita unga wa Wayesuiti. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa walitoa katika gome hilo dawa yenyewe, kwinini. Baadaye Wajerumani waliipanda miti hiyo Amani katika milima ya Usambara. Wazee wetu wengi walipona malaria kwa dawa chungu iliyotoka katika gome la mti wa Peru. Kabla ya hapo ulikuwa mti wa porini tu, mmoja kati ya maelfu, na kama ungalikatwa wote kabla ya kujulikana nani angalijua kilichopotea?

Swali hilo ni la leo pia. Katika jimbo la Madre de Dios watu huingia msituni kutafuta dhahabu. Huikata miti, huchimbua kingo za mito, na hutumia zebaki ili kukusanya chembe za dhahabu. Zebaki huingia mtoni, toka mtoni huingia katika samaki, na toka kwa samaki huingia katika mwili wa mama na mtoto. Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Puerto Maldonado, mji mkuu wa jimbo hilo, mwezi Januari 2018, alikutana na wenyeji wa msitu, akawasikiliza, akasema waziwazi juu ya madhara hayo.

Watu wa rangi zote katika sahani moja

Nchi yenye hewa namna nyingi imekuwa pia nchi ya watu namna nyingi. Mbali ya Kihispania, Peru ina lugha 48 za wenyeji: 4 za milimani na 44 za msituni. Kikechua peke yake ni lugha ya mama ya watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Wako Waaymara kandokando ya ziwa Titicaca. Katika ziwa hilo hilo wako Wauro, ambao hujenga visiwa kwa matete, hujenga nyumba kwa matete na mitumbwi kwa matete. Matete ya chini yakioza, huongeza mengine juu.

Kisha wako waliotoka ng'ambo. Waafrika waliletwa na Wahispania kama watumwa, wakalima miwa na pamba pwani. Utumwa ulifutwa mwaka 1854. Wachina wapata 100,000 waliletwa kati ya 1849 na 1874, wakachimba mbolea ya ndege na kulima kwa mikataba ya taabu. Wajapani walianza kuja mwaka 1899. Leo mtu wa Lima hula wali wa Kichina bila kufikiri kwamba ni chakula cha wageni, na hucheza ngoma inayopigwa juu ya sanduku la mbao, ambayo ni kazi ya mikono ya Waafrika wale.

Mmoja wa uzao wa Waafrika hao twamjua sote. Mtakatifu Martin wa Porres alizaliwa Lima mwaka 1579. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyekombolewa utumwani, na baba yake alikuwa Mhispania ambaye hapo kwanza hakutaka kumkiri. Katika shirika la Wadominiko aliingia kama mtumishi. Alifagia, alinyoa watu, aliuguza wagonjwa, matajiri na watumwa sawasawa. Alikufa mwaka 1639, na Baba Mtakatifu Yohane XXIII akamtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 6 Mei 1962. Watazameni tena wale wanyama katika picha yake: mbwa, paka na panya, wanakula katika sahani moja. Wachoraji wamewaweka pale kwa sababu ya masimulizi ya upole wake kwa viumbe, lakini mtu wa Peru akiitazama picha hiyo aona pia nchi yake kama ipasavyo kuwa.

Mwafrika mwingine, mtumwa aliyetoka Angola, alichora picha ya Yesu msulubiwa katika ukuta wa udongo mjini Lima mwaka 1651. Miaka minne baadaye tetemeko la ardhi liliangusha nyumba nyingi, lakini ukuta ule ukabaki umesimama. Tangu hapo watu waliuheshimu, na mpaka leo kila mwezi Oktoba umati mkubwa wa watu waliovaa zambarau huifuata njiani nakala ya picha ile. Aliyeichora hakuwa na haki hata juu ya mwili wake mwenyewe, na leo taifa zima hutembea nyuma ya kazi yake.

Wingi ukidharauliwa

Sasa tufike penye kiini cha habari. Yako mambo mawili yaonyeshayo wingi wa aina ukidharauliwa hutokea nini, moja la mbegu na moja la watu.

La mbegu lilitokea Ireland. Kiazi kilipotoka Peru kwenda Ulaya, hazikwenda aina 4,000. Zilikwenda chache tu. Huko Ireland maskini wengi walitegemea kiazi peke yake, na sehemu kubwa ya viazi vyao ilikuwa aina moja, iliyoitwa Lumper, kwa kuwa ilizaa sana katika udongo mbaya. Nawe wajua kwamba kiazi hupandwa kwa kiazi. Shina jipya si mtoto wa lile la zamani; ni lile lile limekatwa vipande. Basi ugonjwa wa ukungu ulipoingia mwaka 1845, na kuweza kuua shina moja, uliweza kuyaua yote. Mashamba yalioza kwa siku chache. Ugumu wa wenye ardhi na watawala uliuzidisha msiba. Watu wapata milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi wakaikimbia nchi. Wamisioni wa Ireland waliokuja baadaye Kenya na Tanganyika walikuwa wajukuu na vitukuu wa waliookoka njaa ile.

La watu lilitokea Peru yenyewe. Tangu mwaka 1980 mpaka 2000 kulikuwa na vita kati ya waasi, ambao wakubwa wao waliitwa Njia Yenye Kung'aa, na majeshi ya serikali. Wakulima wa milimani walibanwa katikati. Huku waliuawa na waasi, huku na askari. Tume ya Ukweli na Upatanisho ilitoa taarifa yake mwezi Agosti 2003, ikakadiria kwamba waliokufa au kupotezwa walikuwa watu 69,280. Kati ya kila wanne, watatu walikuwa wasemaji wa Kikechua au lugha nyingine ya wenyeji. Tume ilisema pia kwamba wananchi wengine hawakuuona msiba huo kuwa ni wao. Maelfu walikufa, na mjini watu wakaendelea na shughuli zao, kwa maana waliokufa walikuwa watu wa mbali wenye lugha isiyosikilizwa.

Hapo ndipo twaona dharau ilivyo. Huanza na kitu kidogo: mtoto hucheka namna bibi asemavyo, mwalimu hukataza lugha ya nyumbani, karani hamjibu mwanamke aliyevaa kofia ya kijijini. Miaka ikipita, kuna watu ambao hata kufa kwao hakumshtui mtu.

Walinzi wa akiba

Lakini habari haiishii hapo. Kanisa la Lima, katika siku za Askofu Mkuu Toribio, mtakatifu aliyejifunza mwenyewe Kikechua, liliamua katika mtaguso wa 1582 na 1583 kwamba wenyeji wafundishwe kwa lugha zao. Kitabu cha kwanza kupigwa chapa katika Amerika ya Kusini yote, mwaka 1584, kilikuwa katekisimu kwa lugha tatu: Kihispania, Kikechua na Kiaymara. Mwaka 1975 serikali iliitangaza Kikechua kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Sheria peke yake haikuondoa dharau, lakini iliwapa watu mahali pa kusimama.

Na viazi? Mwaka 1971 kilianzishwa Lima kituo cha kimataifa cha viazi, ambacho huhifadhi maelfu ya aina. Wakulima wa vijiji vya Wakechua karibu na mji wa Pisac nao wameyaunganisha mashamba yao, wakayafanya kuwa hifadhi, nao waiita Bustani ya Kiazi. Mwaka 2004 walifanya mapatano na kituo hicho, wakarudishiwa aina za viazi zilizokuwa zimepotea vijijini mwao. Leo hulima humo aina zaidi ya 1,000. Hali ya hewa ikizidi kupata joto, wanalazimika kuvipandisha viazi juu zaidi mlimani kila baada ya miaka, lakini kwa kuwa wana aina nyingi, bado wana cha kuchagua. Wataalamu wa dunia wakitafuta kiazi kiwezacho kushinda ugonjwa au ukame, huenda kwa wakulima hao.

Wahispania walikwenda Peru kutafuta dhahabu, wakaipata kwa damu, nayo imekwisha kutumika. Kiazi, kitu cha wakulima waliokanyaga sakitu kwa miguu mitupu, ndicho kinacholisha dunia mpaka jioni ya leo katika sufuria yako.

Sasa, mpenzi msomaji, tazama nyumbani mwako. Nawe una Andes yako ndogo. Iko mbegu ya maharagwe ya bibi ambayo hakuna dukani. Uko mtama uliovumilia ukame mwaka ule mahindi yalipokauka. Uko mhogo ambao wazee tu ndio walijua jina lake na namna ya kuuondoa uchungu. Simwambii mtu aache mbegu mpya za dukani zizaazo vizuri; hata mkulima wa Peru huzipanda na kuziuza sokoni. Ila yeye haitupi ile ya zamani. Huacha kipande kidogo kwa ajili yake, maana ajua kwamba aliyetupa mbegu ya zamani hawezi kuinunua tena siku ya shida. Akiba haiozi.

Nakupa kazi kwa juma hili. Jumapili baada ya Misa, kaa na mzee mmoja wa nyumbani, pamoja na watoto wenye daftari. Mwulizeni majina ya mbegu zote alizolima ujanani mwake, na kila moja ilikuwa na faida gani. Aseme kwa lugha yake mwenyewe, na watoto wayaandike majina kama ayatamkavyo. Kisha ulizeni ni zipi zilizobaki kijijini na ziko kwa nani. Mkipata hata moja iliyodhaniwa kupotea, ombeni konzi moja, mkaipande msimu ujao.

Kwa heri mpaka juma lijalo.